Albamu Ipi Ilitugeuza?



Upo mjadala usiokwisha katika parokia zetu. Huanza Jumamosi jioni baada ya mazoezi ya kwaya, viti vikiwa bado havijarudishwa mahali pake, nao hufuatana nasi njiani hadi pale kila mtu anapokata kona ya kwao. Mmoja husema hapana albamu iliyoitikisa nchi hii kama ile ya "Mario" ya Franco. Wa pili hujibu kwamba bila Zaïko Langa Langa na Papa Wemba, kijana wa leo asingejua hata namna ya kusimama mbele ya kipaza sauti. Wa tatu hutoa simu mfukoni na kuonyesha wimbo wa juzi umetazamwa mara milioni ngapi. Wa nne, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, hutaja Makoma, kwa sababu nyimbo zao ndizo alizozisikia mama yake akiziimba jikoni. Sauti hupanda, hakuna anayekubali kushindwa, na Jumamosi inayofuata mjadala huanza upya.

Hatuandiki ili kuuzima. Watu wanaobishana juu ya muziki ni watu ambao bado wanasikiliza, na hilo si jambo dogo. Tunaandika kwa sababu tumeona kwamba mjadala huo hukosa msingi: kila mmoja amekuja na jibu, wala hakuna aliyekwisha kuliuliza swali lenyewe. Tunaposema kwamba albamu fulani ilikuwa na ushawishi kupita nyingine, tunapima nini? Na tukipima vibaya, tunapoteza nini?

Vipo vipimo vitatu ambavyo hutumika kila siku, na vyote vitatu hudanganya.

Cha kwanza ni mauzo, ambayo siku hizi yamegeuka kuwa hesabu ya watazamaji. Hesabu hiyo hutuambia ni wangapi waliofungua mlango. Haituambii walifanya nini baada ya kuingia. Cha pili ni ukubwa wa jina. Sisi Wakongo tunajua vema jinsi jina linavyoweza kununuliwa. Ile desturi ya mabanga, ambapo mwenye fedha hulipa ili atajwe katikati ya wimbo, imezifanya nyimbo nyingi zifanane na daftari la wahisani. Jina lililotajwa mara kumi si lazima liwe limependwa hata mara moja. Cha tatu ni kumbukumbu zetu wenyewe. Kila mtu huiona albamu aliyoisikia akiwa na miaka 17 kuwa ndiyo kilele cha muziki wote wa dunia. Huo ni upendo, nao hauna kosa. Lakini upendo si hukumu. Ndiyo maana pia katika mabishano yetu majina ya Abeti Masikini, Mpongo Love na Mbilia Bel husikika mara chache sana, kana kwamba wanawake hawakuimba: wengi wanaobishana kwa sauti ya juu ni wavulana, na kila mvulana hutetea yale aliyotaka kuwa.

Tunapendekeza kipimo cha nne. Albamu yenye ushawishi ni ile ambayo, ilipokwisha kusikika, watu walithubutu jambo ambalo kabla yake hawakulithubutu. Tusiulize ni wangapi waliicheza, bali ni nini kilichowezekana baada yake.

Tukijaribu kipimo hiki kwa muziki wetu, tutaona kwamba hakimwonei mtu.

Mwaka 1952, huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, mtafiti Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji alimrekodi kijana mmoja mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" haukuwa albamu. Ulitolewa katika diski za zamani zilizobeba dakika tatu hivi kila upande. Hapakuwa na bendi wala ngoma. Kilikuwapo kidole gumba na kidole cha shahada, vikizungumza kama watu wawili waliokaa barazani. Bosco aliimba Kiswahili cha kwetu, Kiswahili cha migodi na reli, na baadaye alipofika Nairobi wapiga gitaa wa Kenya walijifunza vidole vyake. Kijana fukara aliyemsikia alielewa jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amemwambia: gitaa moja latosha, na lugha ya nyumbani yatosha.

Mapema mwaka 1960, wakati viongozi wetu walipokuwa Brussels katika Mkutano wa Meza ya Mviringo, Joseph Kabasele na wenzake wa African Jazz walirekodi "Indépendance Cha Cha". Nao pia ulikuwa wimbo mmoja tu. Lakini mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wimbo huo ulivuka mipaka mbele ya wanasiasa. Baada yake watu walithubutu kuicheza siasa, wakaamini kwamba habari ya taifa yaweza kuimbwa na mtu wa kawaida.

Mwaka 1985 Franco na TPOK Jazz walitoa "Mario", kisa kirefu cha kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Jina hilo liliacha kuwa jina la mtu likawa neno la mtaani. Hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kijana anayeishi kwa jasho la mwanamke huitwa hivyo mpaka leo. Miaka miwili baadaye, 1987, Franco huyohuyo alitoa "Attention na SIDA", katika siku ambazo ugonjwa ule ulitajwa kwa kunong'ona tu. Aliwaonya vijana, wazazi, walimu, waganga na wenye mamlaka, kila kundi kwa zamu yake. Yeye mwenyewe alifariki Oktoba 1989. Baada ya diski ile watu walithubutu kulitamka mezani neno ambalo walikuwa wakilificha chumbani.

Hizi zote ni kubwa, wala hatutagombana na mtu atakayeichagua mojawapo. Hata hivyo tunataka kuiweka mezani albamu moja ambayo, katika mabishano yote tuliyoyasikia, hatujaisikia ikitajwa hata mara moja na kijana. Ilizaliwa katika nchi hii, katika mji unaozungumza Kiluba na Kiswahili. Iliimbwa na watoto. Ni Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958.

Tukumbushane habari yake. Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alitumwa Kamina, mji wa reli katika Katanga. Huko aliunda kwaya ya wavulana wa shule pamoja na baadhi ya walimu wao, ikapewa jina la kikoloni kabisa: Les Troubadours du Roi Baudouin, waimbaji wa Mfalme Baudouin. Shule na misioni nyingi za wakati ule ziliwafundisha watoto wa Kiafrika kuimba kama watoto wa Ulaya, na ngoma ilihesabiwa kuwa kitu cha upagani kinachopaswa kubaki nje ya mlango wa kanisa. Kule Kamina mambo yaligeuzwa. Wavulana na walimu waliulizwa wanaimba nini kwao, na maneno ya Misa ya Kilatini yakavishwa nyimbo hizo.

Kyrie, Gloria na Credo zilifuata mtindo wa kasala, ule utenzi wa Waluba wa kuwataja wahenga, kusifu na kuomboleza. Sanctus ilitokana na wimbo wa kuagana. Hosana ilichukua mdundo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei ilijengwa juu ya wimbo wa Bena Luluwa. Hapakuwa na karatasi ya noti. Waliimba kwa kubuni palepale, mwimbaji kiongozi akitangulia na kundi likimjibu, kama inavyofanyika matangani na arusini. Noti ziliandikwa baadaye, na wengine, ili nao waweze kuimba. Sauti inayoongoza katika diski ni ya mwalimu Joachim Ngoi.

Misa hiyo iliimbwa kwanza Kamina penyewe. Kisha, mwaka huohuo wa 1958, wavulana wapatao 45 wenye umri kati ya miaka 9 na 14, pamoja na walimu wao, walikwenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, wakaimba pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels.

Hapa tunawaomba msimame kidogo. Katika maonyesho yayo hayo, Ubelgiji ilikuwa imejenga kijiji cha Wakongo. Watu wetu, wanaume kwa wanawake na watoto wao, waliwekwa nyuma ya uzio wakifanya kazi zao za mikono, na umati ukapita ukiwatazama. Wapo watazamaji waliowarushia ndizi na sarafu kama watu wanavyowarushia nyani. Wakongo wale walikasirika, wakakataa kuendelea, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajafungwa. Basi katika mji mmoja, katika mwaka mmoja, Mwafrika alionyeshwa kwa namna mbili: nyuma ya uzio, ambako alitazamwa, na mbele ya altare na jukwaa, ambako alisikilizwa. Maonyesho yalibomolewa. Diski ilibaki. Hatudai kwamba wimbo ulifuta aibu ile, kwa maana aibu haifutwi na wimbo. Tunasema tu kwamba yeyote aliyeuliza kama watu hawa wana kitu cha kumwambia Mungu na dunia alipata jibu la nusu saa hivi, kwa sauti za watoto.

Baada ya hapo diski ilikwenda mahali ambapo wavulana wale hawakupaota. Mwaka 1964 mwongozaji wa Kiitalia Pier Paolo Pasolini alitoa filamu yake ya Injili kadiri ya Mateo, akaiweka Gloria ya Kamina ndani yake, bega kwa bega na muziki wa Bach. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitengeneza filamu kuhusu wanafunzi wanaoasi shule yao, na shujaa wa filamu hiyo huicheza Sanctus ya Kamina tena na tena chumbani mwake. Filamu ilipata tuzo kuu huko Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikaingia katika orodha ya diski zilizokuwa zikinunuliwa sana Uingereza. Fikirini: wimbo wa kuagana wa Waluba, katika Kilatini cha Kanisa, ukinunuliwa na vijana wa London pamoja na muziki wao wa magitaa ya umeme.

Lakini sifa za ng'ambo si kipimo chetu. Tulisema tutauliza ni nini kilichowezekana baadaye.

Mwaka 1958 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado haujaitishwa. Ilikuwa tarehe 4 Desemba 1963 ndipo Katiba juu ya Liturujia Takatifu ilipotangazwa, ikafundisha kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Hatusemi kwamba maaskofu wa dunia waliandika mafundisho hayo kwa sababu ya diski moja; huko kungekuwa kuipamba historia. Wala Kamina haikuwa peke yake: katika Katanga hiyohiyo Joseph Kiwele alikuwa akitunga Misa kwa sauti za kwetu, na katika nchi nyingine mapadri na walimu wa kwaya walikuwa wakitafuta njia hiyohiyo. Tunachosema ni hiki: Mtaguso uliposema kwamba yawezekana, tayari ilikuwako sauti iliyokwisha kuonyesha namna yake. Mwenye shaka hakuhitaji kubishana. Aliweza kuweka sindano juu ya diski.

Na hapa nchini mlango ule haukufungwa tena. Ulihitaji kazi ya muda mrefu ya maaskofu, wanateolojia na watunzi, ambao kati yao Kardinali Malula hatasahauliwa, hadi tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilipoidhinisha Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire. Ninyi mliozaliwa baada ya hapo mnaona ni jambo la kawaida kwamba wahenga hutajwa mwanzoni mwa Misa, kwamba Gloria huimbwa watu wakicheza kuzunguka altare, kwamba ngoma ipo ndani. Si la kawaida. Mababu zenu walikatazwa. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliiadhimisha Misa kwa mtindo huo katika Basilika la Mtakatifu Petro, na wimbo wetu ukasikika chini ya kuba ile. Safari kutoka Kamina hadi pale ilichukua miaka 61.

Tulipoyajadili hayo kati yetu, hatukukubaliana mara moja, nasi hatutaki kuwaficha yaliyosemwa na waliopinga.

Pingamizi la kwanza lilikuwa kwamba diski hiyo haikusikika sana hapa kwetu. Iliuzwa Ulaya na Marekani. Wazazi wetu walikuwa wakiwasikiliza Kabasele na Franco. Itawezaje kuitwa yenye ushawishi kwa Wakongo? Ni pingamizi zito. Jibu letu ni kwamba ushawishi husafiri kwa njia mbili. Upo ule unaokwenda kwa masikio, nao huonekana; na upo ule unaokwenda kwa mazoea, nao hausikiki. Wengi wanaocheza Gloria Jumapili hawajawahi kuisikia Missa Luba, kama vile wengi wanaokula embe hawamjui aliyeupanda mwembe.

Pingamizi la pili liliuma zaidi. Hiyo ni kazi ya mzungu, alisema mwenzetu mmoja. Mfalme yupo katika jina la kwaya, padri yupo katika jalada, na wavulana ni idadi tu. Hatuwezi kulikana. Kwa miaka mingi jina lililofuata baada ya Missa Luba lilikuwa la padri. Mwalimu Ngoi anatajwa, lakini ni wangapi kati yetu wanaomjua? Na wale wavulana wapatao 45, ambao pumzi zao ndizo tunazozisikia, majina yao yako wapi? Padri Haazen alikuwa na sikio jema na unyenyekevu wa kuuliza, nasi tunamshukuru kwa hayo. Lakini kasala haikuzaliwa katika kichwa chake. Ilikuwa ya bibi za watoto wale. Kwa hiyo pingamizi hili haliiondoi albamu katika mjadala. Linaonyesha kwa nini mjadala ni wa lazima. Watu wakishindana kwa majina makubwa tu, wale walioimba bila jina hupotea mara mbili: kwanza jalada likichapishwa, kisha sisi wenyewe tukibishana.

Pingamizi la tatu lilitoka kwa mdogo wetu kuliko wote. Alisema: mimi sipendi ngoma za zamani, napenda muziki wa kizazi changu, mbona mnataka kuturudisha nyuma? Kwake yeye tunajibu kwa upole kwamba wavulana wa Kamina nao walikuwa watoto, tena wadogo kuliko yeye. Hawakuwa wakihifadhi makumbusho. Walichukua maneno mapya ambayo hayakuwa ya kwao, wakayaweka katika sauti iliyokuwa ya kwao, na kilichotoka hakikuwahi kuwako. Hilo ni jambo la kisasa kama mapigo yoyote yanayotengenezwa leo kwa kompyuta. Hatumwambii aache gitaa la umeme au kinanda. Tunamwuliza tu: ukivipiga, ni nani anayesikika, wewe au yule unayemwiga?

Hapa ndipo lilipo jambo linalotusumbua, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Tembeleeni parokia zetu msikilize. Kwaya nyingi zinafanya kazi njema na ngumu, bila mshahara, mara nyingine bila hata umeme. Lakini mara nyingi mno tunasikia wimbo wa dansi uliokuwa ukipigwa kilabuni mwaka jana, ukabadilishwa maneno na kuvishwa kanzu. Tunasikia kinanda chenye mdundo uliowekwa kiwandani, mdundo uleule kwa Kyrie na kwa Sanctus, kwa maziko na kwa ndoa. Wakati huohuo, mama mzee anayejua kuomboleza kwa wimbo wa kwao anakaa kwenye benchi la nyuma, na hakuna kijana aliyemwendea na kumwomba aimbe. Siku atakapozikwa tutamwimbia wimbo tuliousikia kwenye simu. Tutakuwa tumefanya kinyume kabisa cha kile kilichofanyika Kamina: kule waliulizwa watoto wanaimba nini kwao, hapa hatuwaulizi hata wazee.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wavulana wa Kamina walitunzwa ugenini kabla ya kutunzwa kwao, na bado twawadai. Lakini deni hilo halilipwi kwa kuitaja diski yao kila Jumamosi. Deni hulipwa kwa kufanya walichokifanya.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa makundi yote ya vijana, Kiro, Xaveri, Kizito-Anuarite, Skauti na kwaya zenu.

Ya kwanza: mkijadili albamu, isikilizeni kwanza nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, simu zikiwa zimewekwa kando. Diski ya Missa Luba ilikuwa na Misa upande mmoja na nyimbo za kienyeji upande wa pili, kati yake wimbo wa arusi na wimbo wa askari. Asiyesikiliza pande zote mbili hataelewa kwamba Misa ile ilitoka katika arusi na katika safari. Kuhukumu albamu kwa wimbo mmoja ni kama kuhukumu hotuba kwa salamu yake.

Ya pili: kila kundi limtafute mzee mmoja, mama au baba, anayejua wimbo wa kwao wa kulea, wa kulima, wa kuagana au wa kuomboleza. Mrekodini kwa simu mnayotumia kutazama video. Andikeni maneno yake, kijiji chake, mwaka, na jina lake kamili, kwa ruhusa yake. Si lazima wimbo huo uingie kanisani; jambo hilo lina taratibu zake na wenye dhamana nalo. Ni lazima tu usife kwa uvivu wetu.

Ya tatu: kwaya ikitunga wimbo, iandike jina la aliyetunga na ya wale walioimba. Daftari la kawaida latosha. Miaka sitini ijayo kijana fulani atauliza ni nani waliokuwa wakiimba katika parokia hii, na ingekuwa huzuni kubwa kama jibu litakuwa idadi tu.

Basi endeleeni kubishana, vijana wapenzi. Mteteeni Franco, mteteeni Wemba, mteteeni Bosco na gitaa lake. Sisi tumeitetea Missa Luba, na atakayetushinda kwa hoja tutampigia makofi. Lakini mtakapofunga mlango wa ukumbi na kurudisha viti mahali pake, kila mmoja ajiulize njiani: kati ya nyimbo zote nilizozisikia mwaka huu, ni upi ulionifanya nithubutu jambo jema ambalo jana sikulithubutu? Huo ndio wenye ushawishi, hata kama umetazamwa na watu 12 tu, hata kama aliyeuimba ni nyanya yako.

Maswali ya kujadiliana katika kundi

1. Taja wimbo au albamu iliyobadilisha si masikio yako tu, bali mwenendo wako. Ulithubutu nini baada ya kuisikia?

2. Katika familia yenu ni nani anayejua nyimbo ambazo wewe huzijui? Ni nini kimekuzuia kumwomba akufundishe?

3. Nyimbo zipi za kwaya yetu zimetungwa na watu wa parokia hii? Je, majina yao yameandikwa mahali popote?